Oparesheni ya moyo: namna ya kuitunza damu yako kabla, ndani ya thieta na baada ya hapo

Mtu akiambiwa atapasuliwa moyo, swali la kwanza nyumbani huwa ni chupa ngapi za damu zinatakiwa, alafu ndugu wanaanza kupigiana simu nani grupu gani na nani yuko tayari kutoa. Hilo ni jema, endeleeni nalo, ila kuna swali lingine ambalo karibu hamna anayeliuliza: tufanye nini ili mgonjwa wetu asimwage damu nyingi tangu mwanzo? Mimi ni nesi wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, nawapokea wakitoka thieta, na masaa yale ya kwanza macho yangu yanakaa kwenye chupa ya dreni, ile inayopokea damu inayotoka kifuani, kuliko hata kwenye sura ya mgonjwa. Na mara nyingi ninachokiona kwenye ile chupa kilianza wiki mbili tatu nyuma, nyumbani, kwenye mfuko wa dawa.

Kwa hiyo nitakaa sana kwenye mambo ya kabla maana hapo ndo wewe na ndugu zako mna nguvu, ya thieta nitapita haraka kidogo, alafu tutarudi kwenye dreni.

Kwanza jua kwa nini inavuja

Oparesheni nyingine damu inaachwa igande yenyewe kwenye kidonda. Kwenye moyo tunaizuia isigande, tena makusudi kabisa. Moyo ukisimamishwa damu inapitishwa kwenye mashine ya moyo na mapafu, na damu ikigusa mipira na plastiki inataka kuganda hapohapo, sasa ikigandia ndani ya mashine ni balaa. Ndo maana mgonjwa anapigwa heparini ya kutosha, ndo dawa ya kuizuia isigande, kama yuniti 300 hadi 400 kwa kila kilo ya uzito wake, na kazi ikiisha anapewa protamini ya kuizima. Huku katikati zile chembe sahani zinazoziba matundu zinachakaa kwa kuzungushwa kwenye mashine, mwili unapoa, na damu inachujuka.

Hilo la kuchujuka watu hawalijui kabisa, ngoja tupige hesabu. Mipira ya mashine lazima ijazwe maji ya dripu kwanza, tuseme lita 1.2. Mtu wa kilo 50 ana damu kama lita 3.5 tu mwilini. Akiingia na himoglobini 12, yaani kipimo cha wingi wa damu nyekundu, ukichanganya na yale maji anashuka hadi karibu 9 kabla hata tone moja halijamwagika! Mtu wa kilo 80 mwenye himoglobini 14 anabaki na 11 na nusu hivi, hana wasiwasi. Yaani mashine ni ileile, maji ni yaleyale, ila mwembamba na mwenye damu kidogo ndo anaumia, na ndo maana wanawake na wazee wembamba wanaongezewa damu mara nyingi zaidi kuliko wanaume wenye miili mikubwa. Kama unamuuguza mama mwembamba ambaye tayari ana upungufu wa damu, hesabu hii ni yako.

Pima damu mapema, sio siku ya kulazwa

Oparesheni nyingi za moyo zinapangwa, sio za dharura, kwa hiyo una wiki kadhaa mkononi. Siku unayopewa tarehe ndo siku ya kuuliza himoglobini yangu ni ngapi. Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu ni chini ya 13 kwa mwanaume na chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito. Uko chini? Usiridhike na jibu la "tutakuongezea siku hiyo", uliza kwa nini iko chini na kama akiba ya madini chuma imepimwa, feritini wanaiita hiyo.

Sababu zinaweza kuwa nyingi, kidonda cha tumbo kinachovuja polepole, hedhi nzito, figo kuchoka. Kuna moja naipenda sana kuisimulia: mtu mwenye valvu ya aota iliyobana, yaani mlango wa damu kutoka moyoni kwenda kwenye mshipa mkubwa, anaweza kuwa anavuja damu tumboni kwa sababu ya hiyohiyo valvu. Damu ikilazimishwa kupita kwenye kitundu chembamba inakatwakatwa ile protini yake kubwa ya kugandisha, na vimishipa dhaifu vya utumbo vinaanza kuvuja. Daktari anayeitwa Edward Heyde aliandika kuhusu wagonjwa wa namna hiyo mwaka 1958, na mara nyingi valvu ikibadilishwa uvujaji wa tumbo nao unatulia. Kwa hiyo ukiwa unapata choo cheusi, mwambie daktari wa moyo pia, usifikiri hayamhusu.

Ikionekana ni madini chuma, vidonge vinafanya kazi ila vinataka wiki kadhaa. Vimeze mbali na chai na kahawa maana hivyo vinywaji vinazuia chuma kisiingie mwilini, na kuna wanaoshauri siku moja unameza siku moja unaruka, tumbo halisumbui sana na chuma kinaingia vizuri tu. Kama tarehe imekaribia, uliza kuhusu chuma cha kwenye dripu, kile kinafanya kazi haraka zaidi. Wengine wanachomwa na sindano ya eritropoietini inayousukuma uboho utengeneze chembe nyekundu, ila hiyo ni uamuzi wa daktari kabisa kwa sababu inaweza kuongeza hatari ya damu kuganda pasipotakiwa.

Mfuko wa dawa

Hapa tulia, na nakuomba usiruke sentensi. HAKUNA dawa ya damu unayoisimamisha kwa akili yako mwenyewe, hata kama umesoma hapa. Mtu mwenye stenti ya karibuni, kile kibomba cha kuuacha wazi mshipa wa moyo, akiacha dawa yake bila mpango stenti inaweza kuziba na akapata shambulio la moyo kabla hata ya kufika thieta. Siku ninazozitaja ni ili uweze kuuliza swali la maana, basi.

Tuanze na dawa za kuzilaza chembe sahani: klopidogreli kwa kawaida inasimamishwa siku 5 kabla, prasugreli siku 7, tikagrela siku 3 hadi 5 kutegemea hospitali inafuata mwongozo upi. Wafarini, dawa ya zamani ya kuzuia damu kuganda, ni kama siku 5, na wenye valvu za chuma mara nyingi wanahamishiwa sindano ya heparini kwa zile siku za katikati. Hizi dawa mpya za kuzuia damu kuganda kama rivaroksabani na apiksabani ni siku 2 au zaidi, na figo zikiwa mbovu zinaongezwa siku kwa sababu dawa inatoka polepole. Aspirini ndo inawachanganya watu, kwa wanaofanyiwa baipasi, ile ya kuipitishia damu njia mpya mshipa wa moyo ukiziba, wengi wanaambiwa waendelee nayo mpaka siku yenyewe, kwa hiyo usiiache kwa sababu jirani aliambiwa aache, yeye labda alikuwa anatolewa nyongo.

Alafu kuna zile ambazo hakuna anayezihesabu kuwa dawa. Diklofenaki ya mgongo, ibuprofeni ya goti, zote zinazilaza chembe sahani. Vidonge vya vitunguu saumu, ginko, jinsengi, mafuta sijui ya nini uliyoletewa na shemeji, vyote viweke kwenye mfuko mmoja uende navyo kliniki uvimwage mezani. Ndiyo, vimwage mezani! Nimeshaona mgonjwa anaulizwa unatumia dawa gani anataja mbili, mke wake anafungua pochi zinatoka saba. Wala hakuna atakayekugombeza, wanachotaka ni kujua ipi isimame lini, na mitishamba mingi inaambiwa isimame wiki moja au mbili kabla.

Na ukiulizwa kama uliwahi kuvuja sana uking'olewa jino au ukijifungua, au kama kuna ndugu wa damu mwenye shida hiyo, usijibu hapana haraka haraka ili umalize. Fikiria kwanza. Jibu hilo linaweza kugundua ugonjwa wa kuganda damu ambao kipimo cha kawaida kinaupita bila kuuona.

Maswali ya kumuuliza dokta kabla hujasaini

Watu wanaogopa kuuliza, wanaona kama wanamfundisha kazi. Sio hivyo, dokta mzuri anafurahi. Uliza kama watatumia dawa ya traneksamiki asidi. Hii ni dawa iliyogunduliwa Japani miaka ya 60 na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, kazi yake ni kulinda kigande kisiyeyuke baada ya kufanyika. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,600 wa oparesheni za mishipa ya moyo: waliorudishwa thieta kwa sababu ya kuvuja au damu kukusanyika kuuzunguka moyo walikuwa asilimia 1.4 kwa waliopewa dawa na 2.8 kwa wasiopewa. Nusu kabisa! Ubaya wake ni degedege, asilimia 0.7 dhidi ya 0.1, na dozi kubwa ndo zinalaumiwa, kwa hiyo siku hizi wanapima kwa uangalifu zaidi, hasa mwenye figo dhaifu.

Uliza pia kama wana mashine ya kuokoa damu, ile inayofyonza damu iliyomwagika kifuani, inaiosha na kumrudishia mgonjwa chembe nyekundu zake mwenyewe. Na uliza wanaongeza damu himoglobini ikifika ngapi. Hili la mwisho ni muhimu maana zamani ilikuwa ukishuka chini ya 10 tu unatundikiwa chupa. Mwaka huohuo 2017 utafiti mwingine mkubwa wa wagonjwa karibu 5,000 ulilinganisha wanaosubiri mpaka chini ya 7.5 na wanaoongezewa wakiwa chini ya 9.5, na waliosubiri hawakuwa na matokeo mabaya zaidi. Damu ya mtu mwingine ni zawadi, inaokoa, ila pia inaweza kujaza maji mapafu, kuleta mzio, na kusumbua kinga, kwa hiyo inatolewa inapohitajika sio kwa mazoea.

Kama imani yako hairuhusu kuongezewa damu sema siku ya kwanza kabisa, sio ukiwa kwenye machela. Inawezekana. Denton Cooley wa Houston alianza kuwafanyia Mashahidi wa Yehova oparesheni za moyo miaka ya 60, na mwaka 1977 yeye na mwenzake waliripoti oparesheni 542 za moyo na mishipa walizofanya kwa watu hao. Na mengi ya mbinu tunazotumia leo kwa kila mgonjwa yalikomaa kwa sababu ya watu waliokataa damu na madaktari waliokubali kuhangaika nao.

Ndani ya thieta

Hapa huna la kufanya, umelala. Ila ndugu walioko nje wanapenda kujua kinachoendelea, basi kwa ufupi. Mtaalamu wa mashine anaweza kutumia mipira mifupi, au kuijaza kwa damu ya mgonjwa mwenyewe badala ya yale maji, ile hesabu yetu ya juu inakuwa nzuri kidogo, na mwishoni anachuja maji ya ziada. Daktari anaangalia kila mshono, mfupa wa kifua unaovuja unapakwa nta maalum, kuna gundi na vitambaa vya kuzuia damu. Binafsi naamini hakuna dawa inayoshinda mshono mzuri, na daktari anayekaa dakika kumi zaidi kutafuta kitundu kinachovuja kabla ya kufunga kifua ameniokolea usiku mzima.

Protamini nayo ina mtego. Inapimwa kama miligramu 1 kwa kila yuniti 100 za heparini, sasa mtu akiona bado panavuja anaweza kushawishika kuongeza, na kuongeza, kumbe protamini ikizidi yenyewe inazuia damu kuganda. Ndo maana wanapima kwanza. Vipo vipimo vinavyochora jinsi kigande kinavyojengeka, kwa dakika chache unajua kinachokosekana ni chembe sahani, ni faibrinojeni (protini ya kugandisha damu) au ni heparini iliyobaki, unatoa hicho tu. Kumwaga plazma, yale maji ya damu ya mtoaji, bila kupima ni kupiga risasi gizani.

Masaa ya kwanza ICU

Sasa tumefika kwangu. Kitu cha kwanza ni joto. Mgonjwa akiwa chini ya nyuzi 36 damu haigandi vizuri hata umpe dawa gani, kwa hiyo blanketi la hewa moto linaingia mapema. Kalsiamu inaangaliwa, asidi kwenye damu inaangaliwa, na presha haiachwi ipande, maana mshono mpya kwenye mshipa mkubwa ukipigwa na presha ya 170 unaweza kufunguka. Mgonjwa anayeamka na maumivu presha inaruka, kwa hiyo dawa ya maumivu hapa ni dawa ya damu pia.

Alafu dreni. Mgonjwa anatoka na mipira miwili mitatu kifuani inayoingia kwenye chupa, na ndugu wakiiona wanaishiwa nguvu. Damu kidogo ni kawaida, inatakiwa ipungue kila saa na rangi ifubae. Kinachotushtua ni kama mililita 200 kwa saa, masaa mawili matatu mfululizo, au 400 na zaidi saa moja tu, hapo dokta anaitwa na anaweza kuamua kumrudisha thieta. Kurudishwa sio aibu na sio lazima kwamba kuna mtu kakosea, na kurudi mapema ni bora kuliko kukaa usiku kucha mnatundika chupa huku tundu liko palepale. Kuna kitu kingine, mgonjwa akigeuzwa mara ya kwanza inaweza kumwagika ghafla damu nyeusi nyingi, mara nyingi ni ile ya zamani iliyokuwa imekaa kifuani, tunahesabu na kusubiri saa inayofuata inasemaje.

Dreni iliyokuwa inatoka vizuri ikikauka ghafla, ndugu wanafurahi, mimi nasimama. Huenda mpira umeziba na damu inajaa kuuzunguka moyo inaubana. Presha inashuka, mapigo yanakimbia, mishipa ya shingo inajaa, mkojo unapungua. Kwa hiyo ukiwa umekaa na mgonjwa wako angalia mpira usikunjwe, asiulalie, usining'inie kitanzi chini ya kitanda kikajaa damu iliyoganda. Chupa usiinyanyue juu ya kifua chake hata kidogo. Na akitaka kukohoa, mpe mto aukumbatie kifuani.

Kuna uvujaji mwingine wa kimyakimya, nao ni sisi wenyewe: vipimo. Ukichota mililita chache mara nane kwa siku, siku nne, umeshamtoa mgonjwa karibu kikombe kizima. Hospitali nyingine zimehamia vile vichupa vidogo vya sampuli, na ile damu ya kwanza inayovutwa kwenye mrija wa mshipa inarudishwa badala ya kutupwa. Mgonjwa wako akiwa ametulia na bado anachotwa kila masaa manne, unaruhusiwa kuuliza kwa adabu, dada nesi, hiki kipimo bado kinahitajika? Mimi nikiulizwa hivyo huwa naenda kumuuliza dokta, na mara nyingine jibu ni hapana.

Mkisharudi nyumbani

Wengi wanatoka na himoglobini 8 au 9, wanachoka ngazi mbili tu, ni kawaida, inapanda kwa wiki kadhaa kwa chakula cha kutosha na vidonge vya chuma kama vimeandikwa. Ujue vidonge hivyo vinafanya choo kiwe cheusi kwa rangi tu. Choo cheusi kinachonata kama lami na chenye harufu kali ya ajabu hicho ni damu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Aliyewekewa valvu ya chuma ana wafarini ya maisha. Lengo la INR, kipimo cha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kwa valvu ya aota mara nyingi ni 2 hadi 3, ya mitrali (ile ya kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) ni 2.5 hadi 3.5, ila namba yako ni ile uliyoandikiwa. Tafuta daftari dogo, andika tarehe, namba, dozi, na ukiandikiwa antibayotiki yoyote na daktari mwingine mwonyeshe daftari hilo kwanza kwa sababu nyingi zinairusha INR juu. Mboga za majani kula, usiziogope, ila kiasi kisiwe leo sahani tatu wiki ijayo hamna. Maumivu tumia parasetamo kwa dozi uliyoambiwa, diklofenaki iache dukani.

Na kwa wiki nne tano za mwanzo, hasa anayetumia wafarini, akianza kurudi nyuma baada ya kuwa anaendelea vizuri, yaani juzi alikuwa anatembea mpaka getini leo anahema akikaa, kizunguzungu, miguu inavimba, mapigo yanakimbia, msimwambie apumzike mkasubiri kliniki ya wiki ijayo. Damu inaweza kuwa inajikusanya polepole kuuzunguka moyo siku nyingi baada ya dreni kutolewa, na kipimo cha ultrasaundi ya moyo kinaionyesha kwa dakika chache. Nendeni usiku huohuo, na daftari mkononi.